Janga likizuka tena: tuahirishe mkutano wa tabianchi, tuhamie mtandaoni, tuugawe, au tukutane kwa masharti?

Aprili 2020, janga la UVIKO-19 likiwa limeshika kasi, ukumbi wa SEC mjini Glasgow, ambao Novemba mwaka huo ulikuwa uwapokee wajumbe wa COP26, yaani mkutano wa 26 wa nchi wanachama wa mkataba wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa, uligeuzwa hospitali ya muda na kupewa jina la NHS Louisa Jordan. Tarehe 1 ya mwezi huohuo ilitangazwa kwamba mkutano umeahirishwa. Tangu COP ya kwanza, Berlin 1995, haukuwahi kupita mwaka bila mkutano huo. Mwaka 2020 ukapita.

Swali lililoachwa na mwaka ule bado linatungoja: ugonjwa mwingine ukifunga mipaka, majadiliano ya kimataifa ya tabianchi yaendeshwe vipi? Watu wa wizarani, asasi za kiraia, vikundi vya vijana na vyuo watatakiwa kutoa msimamo, na mara nyingi kwa siku chache tu. Ulinganisho huu ni kwa ajili yao. Kati ya 2020 na 2022 zilijaribiwa njia nne: kuahirisha, kukutana mtandaoni, kuugawa mkutano vipande viwili, na kukutana ana kwa ana chini ya masharti ya afya. Zote nne zilikuwa na gharama, na kila mara kuna aliyeilipa zaidi ya wenzake.

Wapo wanaosema swali hili halina uzito, kwa sababu janga lenyewe lilipunguza moshi kuliko mkutano wowote. Ni kweli kwamba siku za mwanzo wa Aprili 2020, watu walipofungiwa ndani, hewa ukaa iliyotolewa duniani kwa siku ilishuka kwa takriban 17% ikilinganishwa na wastani wa 2019. Lakini mwaka mzima ulipohesabiwa, upungufu ulikuwa kama 5% hivi, na 2021 moshi ukarudi pale pale. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikuwa limeshakadiria mwaka 2019 kwamba ili ongezeko la joto duniani libaki ndani ya nyuzi 1.5, gesi joto zilipaswa kupungua kwa 7.6% kila mwaka hadi 2030. Hata mwaka ambao ndege zililala viwanjani haukufikia hapo. Viwanda, mitambo ya umeme na mikopo ya nishati havibadiliki kwa watu kukaa ndani. Hubadilika kwa maamuzi, na maamuzi hayo huhitaji meza ya kukutania.

Vigezo vinne

Cha kwanza: nani anafika, na nani anasikika. Kufika peke yake hakutoshi. Nchi kubwa huja na wajumbe mia na zaidi. Nchi ndogo huja na wachache wanaokimbia kutoka chumba hadi chumba, na kila badiliko la utaratibu huwaumiza wao kwanza.

Cha pili: je, uamuzi unaweza kupitishwa na ukashika? Hapa inabidi kueleza kidogo, maana ndipo hoja nyingi za mtandaoni hukwama. Nchi wanachama wa mkataba wa tabianchi hazijawahi kukubaliana kuhusu kanuni ya kupiga kura, kwa hiyo mambo huamuliwa kwa maafikiano. Mwenyekiti hutazama ukumbi, husema haoni pingamizi, hugonga nyundo. Ni sekunde chache tu. Mjumbe aliye ukumbini anaweza kuinua kibao cha nchi yake, akakigonga mezani, hata akasimama na kupaza sauti. Aliye nyumbani, mtandao ukimkatikia sekunde hizohizo, nchi yake imekubali jambo bila yeye kujua.

Cha tatu ni muda. Kila mwezi wa kusubiri una gharama, na gharama hiyo haigawanywi sawa.

Cha nne ni kuaminiana, yaani kazi ya korido. Wasiowahi kuhudhuria huidharau, lakini COP ya Durban, Afrika Kusini, inatosha kuonyesha uzito wake. Alfajiri ya tarehe 11 Desemba 2011, saa nyingi baada ya muda wa kufunga mkutano kupita, Umoja wa Ulaya na India walikuwa wamekwama kwenye maneno machache kuhusu nguvu ya kisheria ya makubaliano yajayo. Rais wa mkutano, Maite Nkoana-Mashabane wa Afrika Kusini, akawaomba wakazungumze wenyewe. Connie Hedegaard wa Umoja wa Ulaya na Jayanthi Natarajan wa India wakasimama palepale ukumbini, wajumbe wamewazunguka kila upande, na mjumbe wa Brazil, Luiz Alberto Figueiredo, akapendekeza maneno ambayo wote wawili waliweza kuyabeba: matokeo yaliyoafikiwa yenye nguvu ya kisheria. Njia ya kwenda kwenye Mkataba wa Paris wa 2015 ilianzia kwenye duara lile. Hakuna skrini ninayoijua ambayo ingeliwezesha.

Afya sikuiweka kwenye vigezo makusudi. Ni sharti la kuingilia. Njia isiyolinda uhai wa wajumbe, wahudumu wa ukumbi na wenyeji wa mji haina haki ya kupimwa pamoja na nyingine.

Njia ya kwanza: kuahirisha

*Nani anasikika.* Kwa nje ndiyo njia ya haki kuliko zote: wote wanasubiri, hakuna anayeachwa nyuma ya mlango. Ila kusubiri kwa nchi yenye kuta za bahari si sawa na kusubiri kwa kisiwa ambacho maji ya chumvi yameshaingia visimani.

*Uamuzi.* Hakuna kinachopotea kisheria. Mkataba wenyewe unaruhusu nchi wanachama kuamua vinginevyo kuhusu mkutano wa kila mwaka. Kinachopitishwa baadaye kina nguvu ileile.

*Muda.* Hapa pana mengi kuliko watu wanavyokumbuka. COP26 ilisogezwa kutoka Novemba 2020 hadi 31 Oktoba 2021, na mwaka huo katikati haukuwa mtupu. Septemba 2020, akihutubia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kwa video, Xi Jinping alitangaza kwamba China itafikia uwiano wa hewa ukaa, yaani kutotoa zaidi ya inayoondolewa hewani, kabla ya 2060. Oktoba, Japani na Korea Kusini zikatangaza lengo la 2050. Marekani ilitoka rasmi kwenye Mkataba wa Paris tarehe 4 Novemba 2020, siku chache kabla ya tarehe ya awali ya kuanza Glasgow, na ikarudi tarehe 19 Februari 2021. Mkutano ungefanyika kwa ratiba ya kwanza, ungefanyika Marekani ikiwa nje ya Mkataba wa Paris. Kuahirisha kuliokoa hilo, ingawa ilikuwa bahati zaidi kuliko mpango.

Upande wa pili wa mizani nao ni mzito. Mwaka 2020 ndio nchi zilipaswa kuleta ahadi mpya za kitaifa za kupunguza gesi joto. Hadi mwaka unaisha zilikuwa zimeleta nchi 75 tu, ambazo kwa pamoja zinatoa takriban 30% ya gesi joto za dunia. Kanuni za Kifungu cha 6 cha Mkataba wa Paris, za masoko ya hewa ukaa, zilizoshindikana Madrid mwishoni mwa 2019, zikalala miaka miwili. Na 2020 ndio mwaka ambao nchi tajiri ziliahidi kufikisha dola bilioni 100 kwa mwaka kwa nchi zinazoendelea. Kwa hesabu za OECD, shirika la kiuchumi la nchi zilizoendelea, zilifika bilioni 83.3, na lengo lilitimia 2022. Mkutano ambao ungewauliza hadharani, uso kwa uso, mwaka uleule waliovunja ahadi, haukuwepo. Kwangu hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote za kuahirisha: deni linaloiva bila mdai kuwa chumbani.

*Kuaminiana.* Haiongezeki, haipungui sana, mradi watu waendelee kuzungumza.

*Inamfaa nani.* Anayekabiliwa na uamuzi mkubwa, wenye fedha au wajibu mpya wa kisheria, wakati janga liko kileleni na hakuna chanjo.

Njia ya pili: mtandaoni

*Nani anasikika.* Watetezi wa njia hii husema inafungua mlango: hakuna viza, hakuna tiketi ya ndege, kijana aliye mbali anaweza kufuatilia kikao. Nakubali kwa upande wa kufuatilia. Kwa upande wa kujadili, angalia saa. Vikao vya vyombo tanzu vya mkataba, ambavyo kwa kawaida hufanyika Bonn, vilifanyika mtandaoni kuanzia 31 Mei hadi 17 Juni 2021. Kikao kikianza saa nane mchana kwa saa za Bonn, Washington ni saa mbili asubuhi, Nairobi saa tisa alasiri, na Suva, mji mkuu wa Fiji, ni saa sita usiku. Nyakati zilizungushwa ili mzigo ugawanywe, na huo ulikuwa uungwana, lakini kuzungusha kuna maana kwamba kila siku kuna kundi linalojadili likiwa na usingizi. Ujumbe wa watu ishirini hupeana zamu. Ujumbe wa watu wawili haulali wiki tatu. Ongeza umeme unaokatika na intaneti inayosuasua, na utaona kwamba mlango ulifunguka kwa watazamaji na kuwa mwembamba kwa baadhi ya wazungumzaji.

*Uamuzi.* Vikao vile vya Juni 2021 havikupitisha uamuzi wowote rasmi. Nchi zilikubaliana tangu mwanzo kwamba kazi yote ingebaki kwenye maandishi yasiyo rasmi ya waongoza majadiliano. Wengi walirudi na hitimisho kwamba mtandaoni hakuamuliwi kitu.

Hitimisho hilo linapita kiasi. Julai na Agosti mwaka uleule, IPCC, jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, iliendesha mtandaoni kikao cha kuidhinisha ripoti ya kundi lake la kwanza, sentensi kwa sentensi, mbele ya wawakilishi wa serikali, na ripoti ikatoka tarehe 9 Agosti 2021. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufanya hivyo. Mwezi Juni kamati ya mazingira ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini, IMO, ilipitisha mtandaoni marekebisho ya kisheria kuhusu ufanisi wa nishati na hewa ukaa ya meli. Tofauti iko kwenye kazi iliyokuwa mezani. Rasimu ya IMO ilikuwa imeshaidhinishwa Novemba 2020 na ilibaki kupitishwa tu. Wanasayansi wa IPCC walikuwa na maandishi kamili na ushahidi wa kurejea kila neno lilipobishaniwa. Hakuna kati ya vikao hivyo viwili kilichoombwa kiamue nani atoe fedha kiasi gani.

*Muda.* Njia ya haraka kuliko zote kuitisha. Mkutano wa viongozi wa tarehe 12 Desemba 2020, wa kuadhimisha miaka mitano ya Mkataba wa Paris, na ule wa Marekani wa Aprili 2021 vilifanyika kwa video, na nchi kadhaa zilivitumia kutangaza malengo mapya. Kutangaza ni kazi ambayo skrini inaiweza vizuri.

*Kuaminiana.* Dhaifu. Waliokuwa wanafahamiana tayari waliendelea kupigiana simu. Mjumbe mpya hakuwa na wa kumpigia.

*Inamfaa nani.* Wenye maandishi yaliyoiva, wenye kazi ya kitaalamu, na wanaotaka mapendekezo yasikae bila kuguswa wakati mkutano mkubwa umeahirishwa.

Njia ya tatu: kuugawa mkutano

Hii haizungumzwi sana, na nadhani inastahili zaidi. Unafungua mkutano mtandaoni, unapitisha yasiyokwepeka, unausimamisha bila kuufunga, halafu unaurudia ana kwa ana hali ikiruhusu.

*Uamuzi na muda.* Kikao cha 5 cha Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEA, kilifunguliwa mtandaoni tarehe 22 na 23 Februari 2021. Kilipitisha mkakati, mpango kazi na bajeti, yaani mambo ambayo bila hayo shirika lingesimama, kisha kikaahirisha yenye ubishi. Kiliporejea Nairobi, tarehe 2 Machi 2022, kilipitisha azimio la kuanzisha majadiliano ya mkataba wa kimataifa kuhusu taka za plastiki. Mwaka mmoja wa kusubiri haukupotea. Ulitumika kupunguza rasimu zilizokuwa zinashindana hadi zikaweza kuunganishwa.

Mkutano wa 15 wa mkataba wa bioanuwai nao uligawanywa, lakini safari yake ilikuwa ndefu na ngumu. Ulipangwa kufanyika Kunming mwaka 2020. Sehemu ya kwanza ilifanyika huko Oktoba 2021, wengi wakishiriki kwa mbali, na tokeo lake kuu likawa azimio la kisiasa. Masharti ya UVIKO-19 nchini China yalifanya sehemu ya pili ihamie Montreal, ambako mpango wa malengo mapya ya bioanuwai, wa Kunming-Montreal, ulipitishwa tarehe 19 Desemba 2022. Malengo ya zamani ya bioanuwai yalikwisha muda 2020. Kwa miaka miwili dunia haikuwa na malengo yoyote mapya. Kugawa mkutano bila tarehe thabiti ya sehemu ya pili ni kuahirisha kwa jina jingine.

*Nani anasikika.* Sehemu ya kwanza ina kasoro zote za mtandaoni, ila mambo yanayoamuliwa ni machache na yanajulikana mapema, kwa hiyo ujumbe mdogo unaweza kujipanga.

*Kuaminiana.* Inategemea uaminifu wa anayepanga ajenda. Akiingiza jambo zito kwenye sehemu ya kwanza kwa kisingizio cha utaratibu, ameharibu zote mbili.

*Inamfaa nani.* Mashirika yenye bajeti na mipango inayoisha muda, na majadiliano ambayo rasimu zake bado ni changa.

Njia ya nne: ana kwa ana kwa masharti

*Nani anasikika.* Hii ndiyo Glasgow ya Novemba 2021: kipimo kila asubuhi kabla ya kuingia, barakoa, vyumba vyenye nafasi chache. Uingereza ilitoa chanjo kwa wajumbe waliokosa kwao na kulipia karantini ya waliotoka nchi zenye vikwazo. Hata hivyo, Septemba mtandao wa asasi za mazingira, Climate Action Network, ulitaka mkutano uahirishwe tena kwa hofu kwamba watu wa nchi maskini wangebaki nje. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Mwishoni mwa Oktoba 2021 ni takriban 6% tu ya Waafrika waliokuwa wamepata chanjo kamili. Viongozi wengi wa visiwa vya Pasifiki hawakusafiri, na waziri wa Tuvalu, Simon Kofe, alituma hotuba ya video akiwa amesimama baharini mjini Funafuti, suti na tai, suruali imekunjwa, maji yakimfika magotini. Ilionekana dunia nzima. Lakini video huonwa na haijibu swali, na haiwezi kuomba sentensi irekebishwe.

Ndani ya jengo penyewe, waangalizi wa asasi za kiraia walipunguziwa nafasi vyumbani siku za mwanzo na kuelekezwa kwenye skrini, ingawa walikuwa wamesafiri hadi pale.

*Uamuzi.* Hapa njia hii inazishinda nyingine. Kanuni za Kifungu cha 6 zilikamilika. Nchi tajiri zilihimizwa kuongeza maradufu, ifikapo 2025, fedha za kuhimili mabadiliko ya tabianchi kutoka kiwango cha 2019. Makaa ya mawe yakatajwa kwenye uamuzi wa mwisho wa COP kwa mara ya kwanza.

*Kuaminiana.* Korido ilifanya kazi, kwa faida na kwa hasara. Dakika za mwisho, India iliomba maneno ya kuondokana na makaa ya mawe yawe ya kuyapunguza, na wajumbe wa nchi nyingi walisikia badiliko hilo ukumbini likiwa limeshapatanwa kando na wakubwa. Alok Sharma, rais wa mkutano, aliomba radhi huku sauti ikimkatika. Fiji na Uswisi zilikuwa miongoni mwa zilizolalamika. Anayesema ana kwa ana huwalinda wadogo aikumbuke saa hiyo. Na anayesema haina maana akumbuke kwamba angalau walikuwepo wa kulalamika, na malalamiko yao yakasikika.

*Muda.* Inaanza tu pale chanjo na usafiri vinaporuhusu.

*Inamfaa nani.* Majadiliano yaliyofika mwisho, yanayohitaji kubadilishana: fedha kwa ahadi, neno kwa neno.

Kulingana na hali yako

Kama kazi iliyobaki ni ya kitaalamu au rasimu imebaki na mabano machache, yaani maneno ambayo bado hayajaafikiwa, unga mkono mtandaoni, na dai kwamba nyakati zizungushwe na mjumbe aliyekatikiwa apewe saa kadhaa za kutoa pingamizi kabla uamuzi haujahesabiwa kuwa umepita.

Kama suala ni fedha, hasara na uharibifu unaoletwa na mabadiliko ya tabianchi, au wajibu mpya, usikubali liamuliwe kwenye skrini. Afadhali kungoja, ila kungoja kwa ratiba: vikao visivyo rasmi kila mwezi, na tarehe ya nchi zenye ahadi kutoa hesabu kwa maandishi hata kama mkutano haupo. Kosa la 2020 lilikuwa kuacha tarehe ya ukumbi na tarehe ya deni zisogee pamoja. Zinaweza kutenganishwa.

Kama unaongoza shirika ambalo bajeti yake inaisha, gawa. Andika kwenye uamuzi wa sehemu ya kwanza mahali na mwezi wa sehemu ya pili, pamoja na mji wa akiba.

Kama uko kwenye ujumbe mdogo na mwaliko ni wa ana kwa ana kwa masharti, msikubali mmoja mmoja. Jibuni kama kundi, iwe Kundi la Afrika, nchi zenye maendeleo duni au muungano wa visiwa vidogo, na jibu lenu liwe na masharti ya chanjo, karantini na malazi kwa gharama ya mwenyeji. Glasgow ilionyesha kwamba mwenyeji anaweza kubeba gharama hizo akibanwa mapema.

Kama wewe ni mwangalizi, kijana au mwandishi wa habari, na fedha zinatosha mtu mmoja tu kusafiri, atakayekwenda awe yule anayewafahamu wajumbe kwa majina, na wengine wafuatilie vikao vya wazi kutoka nyumbani na kumtumia alichokosa.

Na kama barua imefika leo na jibu linatakiwa kesho kutwa, mwulize mratibu mambo mawili kabla ya kujibu: ni vipengele vipi vya ajenda vitagongewa nyundo katika kikao hicho, na ni nchi ngapi kati ya zilizoalikwa zimethibitisha kwamba wajumbe wao wataweza kufika au kuunganishwa kwa muda wote. Majibu yote mawili yadai kwa maandishi.